Jumamosi Mama Alipoimba Bila Kujua

Nikisikia harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa cheusi, hasa pale maji yanapokauka kwenye pindo, huwa naacha ninachofanya. Wiki iliyopita nilikuwa namnyooshea binti yangu sketi ya shule, ile harufu ikanipata, nikaichomoa pasi nikaketi kitandani. Mume wangu akauliza, "Umeungua?" Nikamwambia hapana, nimekumbuka Mama na kwaya yake. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda Ilford akaelekezwa Bukoba.

Nitasema mapema, usije ukahangaika kama nilivyohangaika mimi. Bibi yangu, mama yake Mama, alifariki Bukoba siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi Watanzania wote tuliowajua Ilford, mtaa wetu huku kwa Waingereza, walikuwa wameshajua. Wasiojua tulikuwa wawili tu, Mama na mimi. Na Jumamosi jioni Mama alikuwa anaimba.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa anafanya kea, yaani kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, shifti za kupishana, mikono imekauka kwa sabuni. Baba alikuwa dereva wa basi. Sasa mtu wa kea anaingiaje kwenye kwaya ya Waingereza? Aliingia kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuwa anamhudumia, mwalimu mstaafu, aliyemsikia akiimba huku anatandika kitanda. Mzee akamwambia binti yake, binti akamwambia Hilary, mama mmoja mwembamba mwenye nywele fupi aliyekuwa anaongoza kwaya, na Jumanne moja Mama akajikuta amesimama kwenye ukumbi wa shule karibu na Stratford, katikati ya watu arobaini wenye majalada meusi.

Mwaka ule walikuwa na kitu wanakiita msimu. Kuanzia majani yanapoanza kupukutika hadi jua la Juni, matamasha manne, yote ya muziki wa Marekani. Marekani yote, Hilary alisisitiza, wala si Marekani moja. Kulikuwa na nyimbo za watumwa na vizazi vyao, tenzi za wakulima wa milimani, nyimbo za Kihispania za watu wa mpakani, nyimbo za maigizo za Wayahudi waliohamia New York, na wimbo mmoja wa wenyeji wa kwanza wa nchi ile ambao haukuwa na neno hata moja, sauti na ngoma tu. Mimi nilikuwa najua Marekani ya kwenye televisheni. Nilimuuliza Mama, "Kwani ziko Marekani ngapi?" Akasema, "Kwa jalada hili, mwanangu, naona tano."

Alijifunza nyimbo hizo jikoni kwetu. Mama hakujua kusoma noti za mistari kama wenzake. Kwao Bukoba kwaya zinajifunza kwa do-re-mi, kwa hiyo alikaa mezani na penseli akiandika d, r, m, s chini ya kila noti, akinung'unika, akifuta, akianza upya. Mwezi wa pili wa msimu, wenzake wawili wakamwomba awaandikie na wao. Mama alirudi nyumbani siku hiyo amevimba kichwa kabisa.

Kisha Hilary akampa beti la kuimba peke yake, kwenye tamasha la mwisho. Ulikuwa wimbo wa watumwa: binti amesimama ukingoni mwa mto, anamwita mama yake aliye ng'ambo, na mama haitiki. Hilary akamwambia asiogope, aimbe tu kama wanavyoimba kwao, kwa sababu nyimbo zile anazo damuni. Mama alicheka mpaka akashika sinki. "Damuni! Mimi Muhaya wa Kilutheri! Wimbo huu nimeuona siku moja na wao!" Lakini hakumsahihisha Hilary. Alilitaka lile beti.

Kila Jumapili alikuwa anampigia Bibi, anaweka simu mezani kwenye spika, anamwimbia. Bibi alikuwa anaumwa tangu baridi ilipoanza, sauti imekuwa nyembamba, ila mdomo ulikuwa ule ule.

"Na hao Wazungu wanacheza?"

"Hawachezi, Mama. Wanasimama kama nguzo za umeme."

"Wanaimba wamesimama tu? Basi hao ndio wagonjwa, si mimi."

Mama alitaka kwenda kumwona. Hakuweza, pasipoti yake ilikuwa uhamiaji pamoja na makaratasi yetu yote, inasubiri muhuri. Kila barua ikianguka mlangoni alikuwa anaikimbilia. Nilidhani anasubiri zawadi.

Basi Alhamisi ile nilirudi shule nikamkuta Baba kwenye korido, ameupa ukuta uso, simu sikioni. "Asiambiwe," alikuwa anasema. "Nimesema asiambiwe. Mpaka aimbe kwanza." Aliponiona akakata simu, akaniuliza nimekula nini shuleni. Baba hajawahi kuniuliza nimekula nini shuleni.

Jioni akamwambia Mama simu yake ina ufa, anaipeleka kwa fundi. Mama akasema haina ufa. Baba akasema inao, wewe huuoni. Kesho yake nikaikuta ile simu kwenye droo, chini ya sare zake za basi, imezimwa.

Na Mama Doto akaanza kuja. Mama Doto alikuwa anakaa mtaa wa pili, mzaliwa wa Tanga, mama wa mapacha, na ndiye aliyekuwa kama mwenyekiti wetu wote: arusi yeye, ubatizo yeye, mtu kakwama uwanja wa ndege, yeye. Ijumaa Mama akiwa kazini, Mama Doto na Baba walinong'ona jikoni na mlango wameurudisha. Mimi nilikuwa nje ya mlango, kama mtoto yeyote mwenye akili. Koku ndiye mimi. Nikasikia: Mama Koku asijue. Watu wawe wameshajaa ndani. Masufuria yatoke kwangu. Wengine waende naye kwenye tamasha, warudi naye, asiingie peke yake. Nani ana mikeka?

Wahenga wanasema kifo cha wengi ni arusi. Mimi methali ile nilikuwa sijawahi kuisikia, lakini niliitimiza neno kwa neno. Maana wiki tatu nyuma yake, mama wa rafiki yangu wa darasani alifanyiwa sapraizi. Tulijificha nyuma ya sofa, baba yao akamleta mlangoni, tukaruka na kupiga kelele, yule mama akalia kwa furaha. Na kabla yake yalikuwepo mambo yale yale: minong'ono, simu kufichwa, vyakula kupikwa kwa jirani, mama asijue. Sasa mtoto wa Ilford angeelewa nini? Mama anaimba peke yake mbele ya Waingereza, na sisi tunamfanyia sapraizi!

Mama Doto alipotoka jikoni alinikuta pale pale. Akaniomba nimtolee khanga za Mama, doti zote, na nisimwambie. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa sababu nilikuwa najibu kwa Kiingereza kila kitu wakati ule, kama ni sapraizi. Akanishika kichwani.

"Eeh, mwanangu. Ndiyo hivyo."

Namlaumu kwa hilo? Siku nyingine namlaumu, siku nyingine hapana. Alisema kweli, ukitaka kuwa mkali wa maneno.

Nyinyi wenzangu mliokulia huku mnaijua desturi yetu. Mtu haambiwi kifo akiwa peke yake. Kwanza anakusanyiwa watu, wa kumshika, wa kumwekea maji mdomoni, ndipo anaambiwa. Mpaka hapo ataambiwa mgonjwa amezidiwa, tumwombee. Ni desturi ya huruma. Miaka mingi baadaye Mama Doto alinieleza kwamba alibishana na Baba siku ile jikoni, akamwambia ni mama yake mzazi, mwambie leo, watu tupo. Baba akajibu, "Nimwambie aende na nini? Pasipoti hana. Hatamzika, na hataimba. Miaka yote hii anaosha mama za watu, hakuna aliyempigia makofi. Mwache apate siku moja." Mama Doto alisema Baba alikuwa analia wakati anasema hivyo, na yeye akaanza kuhesabu masufuria.

Bukoba wakapanga kuzika Jumamosi, saa kumi alasiri. Huku kwetu inakuwa saa nane mchana. Saa nane Mama alikuwa sebuleni anapiga pasi gauni jeusi refu la kwaya, ananyunyizia maji kwa vidole, anaimba lile beti kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye zulia nikimalizia kadi yenye chengachenga za dhahabu. Baba akapita, akasimama mlangoni, akaangalia saa ya ukutani, akaingia chooni. Akakaa humo muda mrefu. Mama akaniuliza, "Baba yako anaumwa tumbo?" Nikaziba mdomo kwa mikono miwili nisicheke. Nilidhani amekwenda kuficha keki.

Tamasha lilikuwa ndani ya kanisa kubwa la mawe katikati ya jiji. Tulikaa safu ya tatu: mimi, Baba, Mama Doto na akina mama wengine saba, wote wamevaa vitenge na mitandio. Walikuwa kimya mno. Nawajua mama zangu hawa, kwenye arusi huwezi kusikia muziki kwa kelele zao. Nikajisemea, wanajibana wasiharibu siri.

Kwaya ikaingia. Mama alituona. Uso wake ulifunguka, jamani, sijawahi kumwona vile. Alikuwa hategemei watu wote wale. Kwa msimu mzima tulikuwa tunakuja mimi na Baba tu, na Baba akisinzia. Akatupungia vidole viwili chini ya jalada, kwa siri.

Waliimba Marekani zote tano. Ngoma ikapigwa, Kihispania kikaimbwa, watu wakacheka kwenye zile za maigizo. Kisha Mama akapiga hatua mbili mbele. Nilikuwa nimelisikia lile beti jikoni mara mia, nikiwa nalijua kwa herufi zake za penseli, lakini mle kanisani likapanda juu kama si lake. Akamwita mama yake ng'ambo ya mto. Akanyamaza, kama wimbo unavyotaka, asikilize kama mama ataitika.

Na hapo safu yetu ikavunjika. Mama Doto alianza, akajifunika mtandio. Yule wa pembeni yake akainama mpaka magotini. Baba alikuwa amekaa wima, machozi yanashuka, hayafuti. Nikawageukia mmoja mmoja, sielewi. Wimbo ni mzuri, sawa, lakini ndio kulia hivyo? Nikamtazama Mama juu. Alikuwa anatuona. Akaamini ni sauti yake iliyotufanya tulie. Akaongeza. Alipofika mwisho kanisa zima lilisimama, Hilary mwenyewe anajifuta macho, na Mama akainama mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, anatabasamu kama bibi arusi.

Nje Hilary alimkumbatia akamwambia amewaletea Afrika. Mama akasema asante.

Kwenye treni ya kurudi kutoka stesheni ya Liverpool Street jua lilikuwa bado linawaka madirishani. Akina mama walimkalisha katikati yao. Yeye ndiye aliyeongea safari nzima. "Mmesikia nilivyopanda pale juu? Nilidhani nitakwama! Na nyie, mnanililia hivyo, karibu mnivuruge!" Hakuna aliyejibu zaidi ya "eeh" na "umeimba, Mama Koku." Tulipopita Stratford akasema, "Kesho nitampigia Mama nimsimulie. Baba Koku, ile simu imepona?"

Baba akasema, "Kesho."

Na mimi nikauma mtandio wa Mama Doto kwa kujizuia kucheka. Mungu anisamehe, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Tulipofika, viatu vilikuwa vimejaa kuanzia koridoni hadi nje ya mlango wetu, mpaka kwenye ngazi, na harufu ya wali na maharage imeshuka hadi chini. Mama akasimama. "Mbona viatu vingi?" Baba akasema, "Ingia tu, mke wangu." Ndipo nikaona muda wangu umefika. Nikapita chini ya mikono yao, nikakimbia korido, nikausukuma mlango wa sebule kwa nguvu, nikageuka kumtazama Mama, nikapiga kelele kwa pumzi yangu yote.

"Sapraizi!"

Hakuna aliyepiga kelele na mimi. Nikadhani hawakunisikia, nikarudia.

Nikageuka kutazama ndani. Sofa ilikuwa imesimamishwa wima ukutani. Meza haipo. Sakafu nzima magodoro na mikeka, na juu yake wanawake wamekaa wamenyoosha miguu, khanga kichwani, baadhi ni khanga za Mama nilizozitoa mwenyewe. Hakuna aliyejificha. Walikuwa wananitazama mimi, na mmoja akatikisa kichwa polepole.

Mama hakuangalia watu. Aliangalia sakafu. Kwetu mikeka ikitandikwa hivyo hakuna haja ya maneno.

"Nani?" akauliza.

Mama Doto akamsogelea.

"Ni Mama?"

Baba akasema, "Pole, mke wangu. Pole."

Akaanguka pale pale koridoni, juu ya viatu vya watu na gauni lake jeusi lililonyooshwa vizuri. Akina mama wakamshika kila upande, kama desturi inavyotaka. Alilia kwa Kihaya, lugha ambayo mimi sikuijua hata neno, na nikasimama mlangoni na kadi yangu, nikitafuta ni wapi nilipoharibu. Maana kwa hesabu ya mtoto mambo yalifuatana wazi: nilipiga kelele, halafu Bibi akafa. Kama ningekaa kimya, angekuwa mzima. Niliamini hivyo mpaka nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuona haya kuliamini, na hata hapo sikuacha moja kwa moja.

Mama hakurudi kwenye kwaya. Hilary alileta maua, akapiga simu, akaandika barua akisema kama angejua wangeahirisha, wangefanya chochote. Mama alimwambia alikuwa hajui na yeye. Nadhani Hilary hakuelewa, na sidhani kama kuna namna ya kumweleza. Msimu uliofuata waliimba muziki wa nchi nyingine.

Nyumbani haikuzungumzwa. Pasipoti ilikuja miezi kadhaa baadaye, Mama akaenda akaliona kaburi kwenye migomba, akarudi. Na Baba alipofariki, tukiwa wawili tu tunapanga nguo zake, ndipo nilipothubutu kumuuliza kama alimsamehe.

"Alinipenda," akasema. "Najua alichofanya, alifanya kwa mapenzi. Lakini mama yangu anashushwa kaburini mimi napiga pasi gauni, Koku. Naimba kuhusu mto! Na nyinyi wote mnajua, mnanitazama ninavyotabasamu. Nikifumba macho najiona ninavyoinama."

"Mimi nilikuwa sijui, Mama."

"Wewe najua ulikuwa hujui. Nani mwenye akili angepiga kelele zile?" Akacheka, na mimi nikacheka, huku tunalia, na sikuweza kumwambia hesabu yangu ya miaka yote ile.

Siku hiyo nikajiapia kwamba habari ikija, mimi nitaisema. Sitaficha, sitakusanya watu, sitangoja.

Mwaka jana ikaja. Mjomba, mdogo wake Mama wa mwisho aliyebaki, alianguka asubuhi shambani, akafa pale pale. Binamu akanipigia mimi na maagizo yale yale: usimwambie bado, tafuta watu wazima, muende wote. Nikasema nimesikia. Nikavaa koti, nikaenda kwa Mama peke yangu, nikagonga. Alipofungua nikamwambia tukiwa wima pale mlangoni, kabla sijasalimia.

Alishika fremu ya mlango. Nikamshika kiwiko. Alivuta pumzi mara tatu nne, kisha akanigeukia kwa hasira ambayo sikuitegemea.

"Ndiyo kuniambia gani huku, Koku? Mlangoni? Peke yangu, kama nimeletewa kifurushi? Hukuona mtu wa kuja naye?"

Miaka yote hii nasubiri kufanya jambo sahihi, na limenifia mikononi. Nikatoa simu nimpigie Mama Doto.

"Nani mwingine anajua?" Mama akauliza.

"Hapa? Hakuna. Nimekuja moja kwa moja kwako."

"Mama Doto hajui?"

"Hajui."

"Mchungaji?"

"Mama, hakuna anayejua. Wewe ndiye wa kwanza."

Akanitazama usoni, kama anayehakikisha.

"Basi ingia," akasema. "Ufunge mlango, safari hii tujue sisi wawili kwanza. Usimpigie mtu bado."